Marehemu Anachomelea Mageti

4 Machi

Mwanangu,

"Mwanafunzi mwenye nia ya kweli hakosi mdhamini." Hayo aliyasema juzi Msemaji wa Mfuko wa Mikopo ya Wanafunzi, amejiegemeza kwenye kiti cha ngozi mbele ya kamera, na waandishi wenzangu wakayachapa kama walivyoambiwa. Mimi namjibu kupitia kwako, kwa sababu mhariri wangu amesema wiki hii ukurasa wangu umechukuliwa na tangazo la magodoro.

Nia haina mshahara. Mfuko hauulizi nia ya mtu, unauliza hati yake ya mshahara na mkataba wa ajira ya kudumu. Baba yako amechomelea nusu ya mageti ya mtaa ule tangu hujazaliwa, na sijasikia mwizi aliyelishinda geti la Cheche, kama mtaa unavyomwita. Lakini hana hati ya mshahara, kwa hiyo kwa Mfuko yeye si mtu. Mimi dada yake nimeandika gazetini mpaka mawaziri watatu wamenitukana hadharani, ila nalipwa kwa makala, kwa hiyo na mimi si mtu. Msemaji, ambaye kazi yake ni kusema tu, ndiye mtu.

Nimesoma kanuni zao zote, adhabu ambayo simwombei adui. Kipengele cha tisa peke yake ndicho kinachosamehe mdhamini: mwombaji awe amefiwa na wazazi wote wawili na aonyeshe vyeti vya vifo. Mama yako, Mungu amrehemu, ametimiza nusu ya masharti. Mwambie baba yako kwamba kama kweli anataka uwe daktari wa meno, basi na yeye ajitahidi afe, hata kwa miaka mitano tu ya masomo.

Ndiyo nchi tunayoishi. Sasa anza na mwalimu wako wa kemia, ana ajira ya kudumu na anakupenda. Niandikie kila kitu. Simu ni ya kuulizana hali. Mambo mazito katika ukoo wetu yanaandikwa.

Shangazi yako

*

19 Machi

Shangazi, shikamoo.

Mwalimu wa kemia anastaafu mwaka huu, Mfuko haumtaki. Muuguzi wa nyumba ya pili tayari amewadhamini watoto wawili wa dada zake, na haruhusiwi wa tatu. Kasisi anaishi kwa sadaka, hana hati ya mshahara. Baba alicheka aliposikia hilo, akasema kumbe hata Mungu analipa kwa kibarua.

Amebaki mhasibu wa kiwanda cha sabuni, yule ambaye baba alimtengenezea madirisha. Yeye alikubali upesi. Alisema fomu atasaini bila shida, ila niipeleke mwenyewe nyumbani kwake Jumamosi jioni, na nisimsumbue baba kunisindikiza, maana baba ni mtu wa kazi nyingi. Mke wake amesafiri. Nilijibu kwamba nitaangalia. Nimeangalia, na sitaenda.

Hayo ya mhasibu sijamwambia baba. Unamjua. Angekwenda na nondo.

Barua yako nilimsomea karakanani, kama kawaida. Alicheka sana mahali uliposema ajitahidi afe. Kisha akazima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akaniambia nisome tena hicho kipengele cha tisa. Nikasoma. Akauliza kama vyeti wanavikagua au wanaviweka tu kwenye faili. Nikamwambia sijui. Akawasha mashine.

Mwisho wa kupokea fomu ni Mei. Nikikosa mwaka huu nafasi yangu chuoni anapewa mwingine.

Mwana wa ndugu yako

*

27 Machi

Mwanangu,

Nimesoma habari za huyo mhasibu nikiwa nimesimama, na mpaka sasa sijaweza kukaa. Usikanyage kwake. Akikuuliza tena, mwambie una shangazi mwenye kalamu na hana mume wa kumzuia.

Umeona sasa mdhamini ni nini? Wanamwita ngao ya Mfuko. Mimi naona wamechukua ufunguo wa maisha yako wakamkabidhi mwanamume yeyote mwenye hati ya mshahara, kisha wakaangalia pembeni.

Nitatafuta huku kwangu. Usikate tamaa, na usimwambie Cheche. Nondo aziache kwenye mageti.

Shangazi yako

*

2 Juni

Shangazi, shikamoo.

Nimepata mkopo. Nimeupata bila mdhamini. Ada yote, na bweni.

Naomba usiandike habari hii gazetini. Na usiniulize sana, nitakueleza tukikutana. Baba ni mzima, anakusalimu. Anafanya kazi sana siku hizi, kuna geti moja kubwa analimalizia, lina nakshi za maua.

Simu yangu nimeiuza ninunue koti jeupe na vifaa vya maabara. Kuanzia Agosti niandikie kwa anwani ya chuo.

Mwana wa ndugu yako

*

16 Septemba

Mwanangu,

Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Leo Mfuko ulituita waandishi kwenye ukumbi wao kuonyesha mafanikio ya mwaka. Nilikwenda na maswali yangu ya ubishi kama kawaida. Ukutani waliweka bango refu kuliko mlango, lenye picha ya msichana mwenye koti jeupe, anatabasamu. Ni wewe. Nilianza kutabasamu pia, mjinga mimi. Chini ya picha wameandika: "Alifiwa na mama akiwa mdogo. Mwaka huu akafiwa na baba. Mfuko umekuwa mzazi wake."

Msemaji aliniona nimeshika ukuta, akaja kunipa maji. Akasema ni habari inayogusa, kila mtu inamtoa machozi. Nikayanywa yote. Ni mara ya kwanza mtu yule kunishinda kwa maneno.

Nimempigia baba yako. Namba haipatikani kabisa, naambiwa haitumiki. Nimepiga mpaka chaji imeisha.

Ndugu yangu amekufa lini? Nani alimzika? Tulizaliwa wawili tu tumbo moja, na mimi nimekosa nini kwenu mpaka nisiitwe hata kumwaga udongo? Kumbe ile "usiandike, usiulize" ndiyo ilikuwa hii?

Kesho mapema barua hii inakwenda kwa basi la vifurushi, na nakala yake naipeleka nyumbani kwenu, kama bado kuna mtu wa kuipokea.

Shangazi yako

*

21 Septemba

Dada, shikamoo.

Sijafa.

Nakala yako nimeipokea mwenyewe karakanani, na nimeisoma mwenyewe, polepole, kwa hiyo nimeona na kujibu nikujibu mwenyewe, nisamehe mwandiko. Binti yupo chuoni.

Nilikufa Aprili, kwenye karatasi tu. Wewe ndiye uliyetoa wazo. Usikasirike, lilikuwa wazo zuri, ndiyo faida ya kuwa na dada msomi. Yupo karani wa ofisi ya vizazi na vifo, amejenga nyumba nzuri lakini ilikuwa wazi, mbuzi wanaingia mpaka sebuleni. Nikamtengenezea geti la milango miwili, lenye nakshi za maua, na yeye akanitengenezea cheti. Hatukupeana hata senti. Aliniuliza nimekufa kwa ugonjwa gani, nikachagua moyo, naona una heshima.

Kufa hakuumi. Wateja wanaleta kazi kama zamani, hakuna anayemuuliza fundi kama yu hai. Laini ya simu ndiyo imefungwa majuzi, kwa sababu ilisajiliwa kwa kitambulisho changu, na kitambulisho ni cha marehemu. Natumia simu ya jirani muuza mbao.

Binti akihitimu nitakwenda ofisini niseme palikuwa na makosa. Makosa hutokea. Hayo ya msiba uliyoyapata sikuyafikiria, dada. Nilijua watakaoambiwa ni Mfuko. Sikujua Mfuko utakuambia wewe.

Nisamehe kwa machozi yako. Mengine sijutii. Wewe uliandika nijitahidi.

Mdogo wako, Cheche

*

26 Septemba

Cheche,

Nilipoona mwandiko wako nilikaa sakafuni jikoni. Nilicheka, nikalia, jirani akagonga mlango akidhani nimevamiwa. Kisha hasira zikanipanda mpaka leo hazijashuka.

Nilikuwa nakejeli, wewe mtu. Kukejeli ni kusema jambo la kipuuzi ili aibu impate aliyeliweka, siyo ulichukue ukalitekeleze kama oda ya dirisha. Maisha yangu yote nimeandika hivyo na hakuna waziri hata mmoja aliyewahi kunitii. Mtu wa kwanza kutii kalamu yangu ni ndugu yangu, na amejiua.

Ndiyo, ni mimi niliyeliandika. Nalibeba. Lakini sikiliza. Leo hujaumwa. Ukiumwa, bima yako ni ya nani? Uwanja wa karakana ukitakiwa kuandikishwa upya, atasaini nani? Binti akitaka kuolewa, utamtoa ukiwa mzimu? Umempa mkopo, na pamoja na mkopo umempa siri ambayo ikifunguka inamfunga yeye. Cheti aliwasilisha yeye, kwa mkono wake.

Fufuka. Nenda kesho. Mimi nitahangaika na ada, hata kama ni kuuza vitabu vyangu vyote na rafu zake.

Dada yako

*

3 Oktoba

Dada, shikamoo.

Vitabu vyako havitoshi hata muhula mmoja, nimeviona. Nikifufuka leo, kesho binti anatolewa bwenini. Uliandika mwenyewe ni kipengele cha tisa peke yake, hakuna mlango mwingine. Mimi ni mtu wa milango, na nikiambiwa hakuna, naelewa.

Mwache amalize. Nitajichunga nisiumwe.

Cheche

*

11 Novemba

Shangazi,

Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo cha polisi, na huyu dereva wa basi la vifurushi ananisubiri nimpe barua. Njoo, tafadhali. Njoo na chochote chenye jina lako.

Jana kipande cha chuma kiliruka kutoka kwenye grinda kikamwingia baba jichoni. Muuza mbao alimpeleka hospitali. Kwenye dirisha la bima walisoma kadi yake, wakasema uanachama ulikoma Aprili, mwanachama ni marehemu. Baba akasema marehemu ni yeye. Wakaita mlinzi. Mlinzi akaita polisi. Kipande kilitolewa na daktari, hilo nashukuru, lakini polisi alikuwa amesimama pembeni ya kitanda, na baada ya hapo walimchukua akiwa amefungwa bandeji.

Shitaka lake, wamenisomea mara mbili kwa sababu sikuelewa, ni kutumia kitambulisho cha mtu aliyefariki. Wamemkamata kwa kujifanya yeye mwenyewe.

Mimi wameniita kutoka chuoni kama yatima wa huyo marehemu, na bado sijaruhusiwa kumwona. Wamesema watanileta mbele yake nimtambue.

Mwana wa ndugu yako

*

30 Novemba

Shangazi, shikamoo.

Ulipokuja kumtoa baba uliniuliza njiani ilikuwaje nilipoletwa mbele yake, nikakuambia nitakuandikia. Nilikuwa siwezi kuyasema.

Walinisimamisha kwenye chumba chenye meza moja na kabati la chuma lisilofunga. Baba aliletwa. Jicho moja lilikuwa na bandeji, la pili jekundu. Viatu walikuwa wamevitoa kamba. Mpelelezi alikuwa na faili, na ndani yake nikaiona picha yangu, ile ya bango la Mfuko. Alikuwa ameshapiga simu. Akaniambia kwa upole kabisa, binti, tunajua wewe ni yatima, usiogope, mwangalie tu huyu bwana utuambie kama umewahi kumwona anazunguka na nyaraka za marehemu baba yako.

Kabla sijafungua mdomo, baba akasema: "Afande, huyu binti simjui."

Alisema bila kunitazama, kwa sauti ileile anayomjibia mteja anayetaka kupunguziwa bei. Mpelelezi akaandika. Shangazi, niliisikia kalamu yake. Nilielewa kila kitu mara moja. Nikisema na mimi simjui, natoka pale narudi bwenini, Jumatatu nina maabara, na baada ya miaka mitano ni daktari. Yeye atafungwa kama mwizi wa jina, na atakaa huko akiwa ameridhika. Alikuwa ameshaamua. Hakuwa ananiomba chochote, alikuwa ananifungulia.

Na lazima nikiri kwako, nilivuta pumzi mbili tatu bila kusema kitu. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Cheti kile aliponipa, kikiwa ndani ya bahasha, aliniambia nisikisome, nipeleke tu. Nilikisoma kwenye ngazi za ofisi ya Mfuko. Nikakipeleka. Kwa hiyo nilishawahi kumzika mara moja, na najua inavyoanza: unafunga bahasha tu.

Nikasema, "Ni baba yangu. Cheti ni cha uongo, nilikiwasilisha mimi."

Baba akaanza kuniita mwendawazimu. Akamwambia mpelelezi wasinisikilize, msichana ana homa. Mpelelezi akamwuliza umejuaje ana homa na humjui. Hapo baba akainama, akalia, na mimi sikuwahi kumwona akilia hata kwenye msiba wa mama.

Ya baadaye unayajua. Karani amesimamishwa kazi. Shitaka la kwanza limefutwa, maana huwezi kumwiba mtu aliye wewe, limebaki la cheti cha uongo, na tutasimama kizimbani mimi na baba pamoja, ingawa mimi waliniachia nisubiri kuitwa. Mfuko umesimamisha mkopo wangu na bango wamelibandua. Mkuu wa chuo amesema nafasi yangu hawaifuti mpaka kesi iishe, lakini ada ya muhula ujao ikikosekana nitoke bwenini tarehe tano Januari. Njia anayoiona yeye ni niombe upya, kwa utaratibu wa kawaida, wenye mdhamini.

Jicho la baba linaona mwanga, bado halioni watu. Ameanza kuchomelea tena kwa jicho moja. Nimemkataza, amesema nimkataze nikishakuwa daktari.

Mwana wa ndugu yako

*

9 Desemba

Barua ya wazi kwa Msemaji wa Mfuko wa Mikopo ya Wanafunzi na kwa wajumbe wa Kamati yake

Waheshimiwa,

Mhariri amenirudishia ukurasa wangu. Magodoro yatasubiri.

Mmetoa taarifa kwamba Mfuko "umeshtushwa na udanganyifu wa familia moja". Nimeipenda hiyo. Mimi ni wa familia hiyo. Niwaeleze nani alishtuka, na kwa nini.

Nilishtuka kuusoma msiba wa ndugu yangu kwenye bango lenu, mkiwa mmeufanya pambo. Nilishtuka tena kuambiwa yu hai, na kwamba aliingia kwenye karatasi ya wafu kwa sababu kanuni zenu hazikumwachia njia nyingine. Kosa lake silifichi. Alisema uongo, mwanawe akaupeleka, na mimi ndiye niliyeutamka kwanza, kwa kejeli, nikidhani kejeli haiui mtu. Mahakama itatuhukumu tunaostahili, na tutakwenda kwa miguu yetu.

Lakini hakuna kati yenu aliyekuja kukikagua cheti. Hakuna aliyeuliza kaburi liko wapi. Mlimwamini marehemu papo hapo. Akiwa hai, na karakana, na mikono yake, na mtaa mzima wa mashahidi, mlimkataa kwa kanuni zenu. Ndugu yangu aliwafaa alipokufa tu.

Sasa kilichonishtua kuliko vyote. Nilikwenda kituo cha polisi kumwekea dhamana. Nilijiandaa kwa vita. Nilibeba makala zangu, mkataba wa pango, barua ya mjumbe wa mtaa. Polisi wa zamu, mwenye usingizi na mafua, hakuvitaka. Aliomba kitambulisho, akaniuliza ninaishi wapi na yule ni nani wangu. Nikajibu. Akageuza daftari upande wangu, akanionyesha pa kusaini. Nikamuuliza, hati ya mshahara je? Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. "Ya nini, mama? Si umesema ni ndugu yako?"

Nikasaini. Wakanikabidhi mshitakiwa.

Fikirini maana yake. Serikali hiihii, inayowapa ninyi fedha za kukopesha, iliniamini na mtu mwenye kesi, anayeweza kutoroka kesho, kwa sahihi yangu peke yake. Ninyi mmekataa kuniamini na msichana anayetaka kusoma meno. Nikimdhamini mtuhumiwa mimi ni raia kamili. Nikimdhamini mwanafunzi mimi si mtu.

Msiniambie mnalinda fedha za umma. Mhasibu mmoja, mwenye hati safi kabisa ya mshahara, mdhamini mnayempenda, alimwambia msichana huyuhuyu apeleke fomu kwake jioni mke akiwa safarini. Kwa kanuni zenu huyo anafaa. Msichana alimkataa, na kwa kanuni zenu hapo ndipo alipokosa sifa. Nawauliza wenye mabinti miongoni mwenu: ni wangapi hawakuweza kumkataa, na leo mnawahesabu kwenye mabango kama mafanikio?

Kikao chenu ni tarehe kumi na nane. Simwombi mtu huruma kwenye kikao hicho. Nataka mambo mawili.

Wewe Msemaji, uliyesema mwenye nia hakosi mdhamini, simama mbele ya kamera zilezile uyafute maneno hayo, na usinywe maji katikati.

Na ninyi wajumbe, ondoeni sharti la hati ya mshahara, mkubali kwa mwanafunzi dhamana ileile ambayo polisi anaikubali kwa mahabusu. Mkikataa, jitokezeni mmoja mmoja mseme kwa nini mwizi anastahili kuaminiwa kuliko mwanafunzi.

Nakala ya barua hii mmeletewa kwa mkono, pamoja na jina langu kamili, namba ya kitambulisho na fomu mpya ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetakiwa kutoka bwenini tarehe tano Januari. Sehemu ya mdhamini imejazwa. Nimesaini mimi, shangazi yake, ninayelipwa kwa makala.

Niandikeni mdhamini.

Shangazi